Fundi kaniulia Prado, halafu leo kalamba kidole mbele yangu na kusema "tatizo dereva"!

Mwenye Gari Anayetembea kwa Miguu

Wakuu, naandika huu uzi nikiwa nimesimama kwenye daladala, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine kwenye simu, yote miwili inatetemeka. Mods naomba msiuhamishe huu uzi mpaka nimalize hasira.

Mnamjua. Sihitaji kumtaja. Yule wa chini ya mwembe, mwenye ovaroli ambalo enzi za Mkapa lilikuwa la bluu. Nusu ya Prado za mji huu zimepita mikononi mwake, na nusu iliyobaki ipo pale pale juu ya matofali, imeota majani.

Leo saa nne asubuhi nimemshushia gari kwenye Fuso. Kafungua boneti. Kafungua mfuniko wa rejeta. Kachovya kidole. AKALAMBA. Akafumba macho kama mpishi wa harusi anayesikilizia chumvi. Halafu hakugeuka kwangu mimi mwenye gari, aligeukia vijana wake: "Gari nzima hii. Tatizo dereva." Vijana sita wakacheka. Mmoja alikuwa anakula muhogo, akapaliwa.

Naanza mwanzo. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya Ubungo, geji ya joto ikapanda kidogo juu ya katikati. Foleni ilipofunguka ikashuka yenyewe. Mimi mtu muungwana nikampelekea. Yeye vipimo vyake vyote ni kiganja, akakiweka juu ya boneti kama anambariki mtoto. Akasema "rejeta inavuja kidogo na hiki kidude kinabana maji". Kidude ni themostati, ile valvu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto. Akaitoa. Akasema ni mambo ya Wajapani, kwao kuna barafu, huku kwetu joto haina kazi. Kulanti nyekundu, ile dawa ya kupozea injini niliyonunua kwa jasho langu, akaimwaga kwenye mchanga, akajaza maji ya bomba, akamwagia na pakiti ya manjano kuziba tundu la rejeta. Manjano, wakuu. Ya mchuzi. Laki moja na themanini ikaondoka.

Wiki iliyopita nampeleka mama mkwe Iringa. Chalinze safi, Morogoro safi, Mikumi safi. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu. Tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya lori la mbolea, gia ya pili, hakuna pa kupita. Kona ya tatu geji inanyanyuka. Ya nne imelala kwenye nyekundu. Nikasogea pembeni, mvuke unatoka kama mtungi wa kangara. Mama mkwe kashuka, kajifunga kitenge, kakaa juu ya jiwe masaa manne, na nyani wakamwibia ndizi zote. Kaniambia sentensi moja tu: "Baba, mwanangu huwa mnampakia humu?"

Nikampigia fundi. "Mwagia maji, bosi, twende kazi." Nimwagie maji baridi injini inayochemka! Hii ni 1KZ, injini ya dizeli ya Toyota, hedi ya juu ni aluminiamu, bloku ya chini ni chuma, mtoto wa darasa la nne anajua hivyo viwili havitanuki sawa. Dereva mmoja wa lori ndiye aliyenizuia hata kugusa mfuniko, akasema subiri, ukifungua sasa unapoteza sura.

Ikavutwa mpaka Iringa. Kijana wa kule akaisubiri ipoe, akajaza maji, akaacha rejeta wazi, akawasha. Haikupita dakika. Mapovu kama soda iliyotikiswa. Akafunga mfuniko, akanishikisha hozi ya juu: imekuwa ngumu kama mguu wa meza na bado ya baridi. Akasema kwa adabu kabisa, "Kaka, hedi imepasuka au gasketi iliyo kati yake na bloku imekwenda. Moshi wa silinda unaingia kwenye maji."

Nimemletea yule bwana habari zote hizo. Hozi ngumu, mapovu, video. Hajaangalia video. AMELAMBA KIDOLE. Alikuwa anaonja manjano yake mwenyewe! Halafu tatizo dereva!

Nimeuliza, themostati yangu iko wapi? Kanyoosha kidole, kile kile alicholamba. Ipo ukutani kwenye msumari, imetungwa funguo za choo.

Nifanyeje na huyu mtu?

#2 Siti ya Mbele
Kwanza tuambie, chumvi ilikuwa imekolea?

#3 Nyau wa Tabata
Hahahaa funguo za choo. Nimekaa paleee kwenye benchi, leteni kahawa na kashata.

#4 Mzee wa Fuso
Pole sana mwanangu. Barabara hiyo naipanda tangu haijapanuliwa. Nikuulize kitu kimoja, nijibu bila hasira. Mwanzo kabisa, ile siku ya Ubungo, geji ilipanda kwenye foleni na ukitembea inashuka?

#5 Mwenye Gari Anayetembea kwa Miguu
Ndiyo mzee wangu shikamoo. Ilishuka nilipofika kasi ya sitini hivi. Lakini kidole mzee. Kalamba kidole.

#6 Mzee wa Fuso
Marahaba. Basi ugonjwa wako haukuwa themostati wala rejeta. Ilikuwa klachi ya feni. Gari ikitembea, upepo wa barabarani unapoza rejeta hata feni ikiwa imekufa. Ukisimama kwenye foleni, au ukipanda mlima taratibu nyuma ya lori, hakuna upepo, feni ndiyo kila kitu. Ile klachi ina mafuta mazito ndani, yakivuja feni inazunguka kwa uvivu. Unaipima bila shilingi: injini ikiwa ya moto, ZIMA, subiri itulie, zungusha feni kwa mkono. Ikigoma kidogo ni nzima. Ikizunguka yenyewe kama pangaboi, imekufa. Dakika mbili.

Ingechemsha kwenye mwendo wa kasi na mlimani lakini foleni iko sawa, hapo ningesema rejeta imeziba. Na kabla ya kuifungua ningemulika tochi kati ya rejeta na kondensa ya AC, udongo na panzi huwa wanajaa humo.

#7 Mwenye Gari Anayetembea kwa Miguu
DAKIKA MBILI! Bila shilingi! Na yeye kidole chake badala ya kukiweka kwenye feni kakiweka mdomoni! Nashuka kwenye daladala, nimepitiliza kituo.

#8 Kidume cha Makete
Mimi niko na fundi. Geji inapanda kona ya tatu, wewe unaenda mpaka ya nne. Tatizo dereva.

#9 Mwenye Gari Anayetembea kwa Miguu
@Kidume cha Makete hujawahi kuendesha hata bajaji wewe. Kona ya tatu unasimama wapi, kwenye korongo? Na geji za hizi Toyota zimetengenezwa zikae katikati muda wote, injini inapanda joto yenyewe imetulia tu. Ukiiona imesogea ujue umeshachelewa. Na hata kama nilichelewa, ndio ANILAMBIE KIDOLE?

#10 Kidume cha Makete
Hajakulambia wewe, kalamba cha kwake.

#11 mama_wawili
Manjano afadhali kaka. Wa kwangu alipasua mayai mawili akatia kwenye rejeta, ute uzibe tundu. Ilipochemsha gari nzima ilinuka chipsi mayai mpaka mfumo wa hita. Nilimwambia mume wangu tuuze, akasema tuipe muda. Tumeipa miaka mitatu.

#12 Spana Kumi na Mbili
Mimi ni fundi, na mnatutukana sana humu. Lakini nitasema ukweli hata kama unaniuma. Kutoa themostati ni ujinga. Themostati za nyingi ya hizi dizeli za Toyota zina sahani ya pili kwa chini. Themostati ikifunguka, kuanzia kwenye nyuzi 76 au 82 kutegemea uliyofunga, sahani ile inaziba njia ya mkato ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja. Sehemu ya maji ya moto inazunguka tu ndani ya injini bila kupoa. Kwenye tambarare huoni kitu. Ukipanda Kitonga umepakia, utaona.

Na manjano hayachagui tundu. Yanaziba na mirija ya rejeta. Kwa hiyo mkuu ulipanda mlima feni imekufa, njia ya mkato wazi na rejeta imejaa bizari. Hakuna dereva wa kukwepa hapo.

#13 Mwenye Gari Anayetembea kwa Miguu
Asante sana fundi. MMEONA? Sasa @Kidume cha Makete rudi hapa.

#14 Spana Kumi na Mbili
Sijamaliza. Na nyinyi wateja mna lenu. Mtu anakuja na elfu hamsini mkononi, ukimwambia klachi ya feni tu ni laki mbili na ushee, anakwambia "fundi fanya unavyojua". Ndio hivyo tunavyojua.

Hedi yako ipeleke kwenye mashine ipimwe kwa presha kabla hujanunua gasketi. 1KZ hupasuka kati ya valvu, na ufa wenyewe mara nyingi huuoni kwa macho. Ikiwa imepasuka usikubali ichomelewe, nunua nyingine. Usidanganyike pia na mafuta kuwa masafi. Watu wanasubiri yawe kama chai ya maziwa ndipo waamini, kumbe ufa unaweza kupitisha moshi kwenye maji tu na mafuta yakabaki vizuri.

Ukifunga, weka mfuniko mpya wa rejeta. Watu wanaudharau ule. Ukibana sawasawa maji yanavumilia mpaka karibu nyuzi 120 bila kuchemka, springi yake ikilegea unarudi kwenye 100 kama sufuria ya ugali. Kisha paki gari pua ikiwa juu, fungulia hita zote, na ya nyuma kama ipo, jaza kulanti taratibu mpaka hewa iishe. Hewa ikibaki kwenye hita ya nyuma utarudi hapa kufungua uzi mwingine.

#15 Siti ya Mbele
Kwa hiyo kulamba hakumo kabisa kwenye utaratibu?

#16 Spana Kumi na Mbili
Hakumo. Na kulanti ni sumu, tena ni tamu, mbwa na watoto hufa nayo. Bahati yake alikuwa ameweka maji ya bomba.

#17 Mwenye Gari Anayetembea kwa Miguu
Kwa hiyo kama angeacha kulanti yangu nyekundu mle ndani, leo asingekuwa na mdomo wa kunitukana. Nimechoka. Hedi tupu nimeulizia Kariakoo, milioni moja na nusu. Na bado nikifumba macho namwona anafumba yake. Anasikilizia. "Tatizo dereva."

#18 Jirani wa Nakuru
Poleni majirani. Huku makanika wangu aliniambia gari imechemka kwa sababu nimeioshea asubuhi sana.

#19 Defenda Mpaka Kifo
Ungenunua Land Rover haya yasingekukuta.

#20 Mzee wa Fuso
Defenda ya injini ya Tdi 300 yenye gasketi ile ya umbo la P inayovujisha maji kila mwaka? Mwanangu tuheshimiane.

#21 Defenda Mpaka Kifo
Inavuja ila haipasuki. Ikiacha kuvuja ndio unajua imeisha.

#22 Kamba ya Meli
Hivi nyinyi mnaopita Ruaha Mbuyuni, vitunguu gunia shilingi ngapi saa hizi? Huku Dar wanatuua.

#23 Nyau wa Tabata
Usinikumbushe barabara hiyo. Nimepigwa tochi ya trafiki kwa mwendo kasi, elfu thelathini. Nikasema haya, moja. Mbele kidogo tochi nyingine, thelathini tena. Kumbe wenye magari mbele walikuwa wananiwashia taa, mimi nikadhani wananisalimia, nikawa nawapungia mkono.

#24 mama_wawili
Mafundi wote ni mamoja tu, hata wa nguo. Nimempa wa kwangu kitenge cha harusi ya mdogo wangu tangu mwezi wa tatu. Kila nikipiga simu, "nimebakiza vifungo dada". Leo nimepita pale nikakuta mke wake kakivaa.

#25 Kidume cha Makete
Kakivaa?!

#26 mama_wawili
Kakivaa, na vifungo vipo. Kaniambia "karibu dada, unapendeza". Yeye ndiye anapendeza! Kwenye kitenge changu!

#27 Mwenye Gari Anayetembea kwa Miguu
Wakuu naomba turudi kwenye kidole.

#28 Siti ya Mbele
Subiri kwanza mkuu. @mama_wawili ulimvua au ulimwacha nacho?

#29 Jirani wa Nakuru
Ambia yeye akurudishie mita na pesa ya kushona. Wangu alinishonea suti mkono mmoja mrefu.

#30 mama_wawili
Nilimwacha nacho, alikuwa na mtoto mgongoni. Ila nimekaa pale kwenye mkeka mpaka mume wake arudi. Ndio naandikia hapa hapa, wameniletea chai.

#31 Kamba ya Meli
Tupe kinachoendelea dada. Na vitunguu bado hamjanijibu.