Kuhama na familia kwa viza ya kazi ya mtandaoni: Ureno, Morisi ama Dubai?

Baba Neema (Nakuru): Wadau, salaam. Kampuni ya Marekani ninayoifanyia kazi imeniongezea mkataba na imekubali nifanye kazi nikiwa nchi yoyote. Mimi na mama watoto tunataka kutoka angalau mwaka mmoja. Tumebaki na Ureno, Morisi na Dubai. Tiketi za Desemba zinapanda kila siku, kwa hivyo lazima tuamue mwezi huu. Ipi inafaa familia?

Fundi wa Lanet: Familia ya watu wangapi? Mshahara ngapi? Unauliza bei ya gunia bila kusema ni la mahindi ama la makaa.

Nyar Ahero: Na watoto wako gredi gani? Hayo mengine baadaye.

Baba Neema: Haya basi. Watoto ni wawili, mmoja gredi ya tano, mwingine PP2, chekechea. Mama yao ni mwalimu wa serikali, wa TSC, ataomba likizo bila malipo. Mimi napata dola 3,400 kwa mwezi.

Odhis wa Kisumu: Basi Ureno jifute. D8, hiyo viza yao ya kazi ya mtandaoni, inataka mapato mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa huko. Mwaka 2025 hiyo ilikuwa yuro 3,480 kwa mwezi, na hapo hujamtaja mke wala mtoto. Dubai ni dola 3,500. Umekosa mia tu, lakini hiyo mia hakuna afisa atakusamehe. Morisi wanataka dola 1,500 zako na 500 kwa kila mtoto, na ombi lenyewe halilipiwi. Nenda Morisi, fungasha.

Fundi wa Lanet: Namibia je? Hapo ni karibu.

Odhis wa Kisumu: Dola za Marekani 2,000 zako, 1,000 za mke, 500 kila mtoto. Jumla 4,000, tena ni miezi sita tu. Na kabla mtu hajataja Cape Verde, ile viza yao ni ya Wazungu, nchi zinazosema Kireno na Afrika Magharibi. Sisi hatumo.

Mzee wa Kapsoya: Mnamkimbiza kijana Morisi na hakuna aliyemuuliza saa. Bosi wako anakaa wapi?

Baba Neema: Chicago.

Mzee wa Kapsoya: Nilijua. Saa tatu asubuhi ya Chicago ni saa kumi na moja jioni Nakuru, na wakati wa baridi yao ni saa kumi na mbili. Morisi wako mbele yetu saa moja. Utakuwa unafunga kompyuta saa nane za usiku, saa nyingine tisa, halafu mtoto wa PP2 anaamka na jogoo anataka chai. Lisbon ungeanza saa tisa mchana na kumaliza saa tano usiku. Mwambie bosi akuongezee hiyo pesa, uende Ureno.

Mama Shiru, Kakamega: Msimsukume Ureno. Sisi mshahara ulitosha na karatasi zote zilikuwepo. Wanataka uonyeshe mahali utakapokaa, kwa hivyo tulitafuta nyumba tukiwa hukuhuku Kakamega. Tukapata moja Setúbal, nzuri, iko karibu na shule. Mwenye nyumba akasema kwa vile hatuna mdhamini wa huko, tulipe miezi sita mbele. Tukatoa pesa ya SACCO. Tukangoja siku ya kuitwa, tukangoja mpaka cheti cha tabia njema kikaonekana kimezeeka, tukarudi Huduma Centre kupakwa wino vidoleni tena. Muda huo wote mkataba wa nyumba unakimbia na sisi tunalala hapa. Siku moja mume wangu anapitia matangazo, anaiona nyumba ileile, picha zilezile, hata lile pazia la maua la jikoni. Imewekwa sokoni na sisi tumeilipia! Tulipopiga kelele akarudisha ya mwezi mmoja, akazima simu. Viza ilitoka baadaye. Nyumba hakuna, pesa hakuna, hatukuenda.

Fundi wa Lanet: Pole sana mama. Lakini huyo ni mwenye nyumba, si Ureno.

Mama Shiru, Kakamega: Mkopo wa SACCO bado naulipa. Hauniulizi ni nani.

Jirani wa Menengai: Kwani lazima muondoke? Wenzenu wa ng'ambo wanakuja huku, serikali ilitangaza kibali chao cha kazi ya mtandaoni, Class N, mwaka 2024. Una faiba mpaka sebuleni. Nunua ploti Kiamunyi utulie.

Nyar Ahero: Wewe kila uzi ni ploti. Baba Neema, huyo wa gredi ya tano mwaka ujao ana KPSEA, mtihani wa gredi ya sita. Morisi vitabu ni vya Kiingereza lakini watoto uwanjani wanaongea Krioli, na Kifaransa juu. Muhula wa kwanza atakuwa anacheza peke yake. Na mwalimu wetu atakaa nyumbani, maana viza hiyo si ya kutafuta ajira ya huko. Umemuuliza kama anataka?

Baba Neema: Yeye ndiye alianza hii hadithi.

Odhis wa Kisumu: Na KRA, watu wa kodi? Ukiwa na makao ya kudumu Kenya, ukikanyaga hapa hata siku moja mwaka huo, unahesabiwa mkaazi, na mshahara wako wa kutoka popote wanautaka. Ukija Krismasi kula kuku wa mama, umeingia.

Baba Neema: Nyumba nitaipangisha. Hapo bado ni makao yangu?

Odhis wa Kisumu: Tafuta mhasibu, umlipe.

Fundi wa Lanet: Subiri, nyumba iko wapi? Vyumba vingapi?

Baba Neema: Section 58, vitatu. Maji ya bomba siku kadhaa kwa wiki, siku nyingine kisima.

Mzee wa Kapsoya: Kisima cha Nakuru? Hiyo floridi itamaliza meno ya watoto.

Jirani wa Menengai: Mimi nimekunywa hayo maji tangu utotoni.

Mzee wa Kapsoya: Basi cheka tuone.

Fundi wa Lanet: Ya kunywa nitanunua mtungi. Kodi ngapi?

Baba Neema: Elfu thelathini na tano kwa mwezi, pamoja na ya takataka. Lakini sijasema naondoka.

Fundi wa Lanet: Jumamosi nakuja kuiona.