Naomba ushauri: watoto wanagoma kuelea chali

Habari zenu wakuu. Nafundisha watoto wa miaka 6 hadi 8 kuogelea baharini hapa Tanga, maji yakiwa kiunoni kwao. Kupuliza mapovu na kupiga miguu wakijifanya boti la mashine wanapenda mno, kelele tupu! Shida ni kuelea chali. Nikisema “haya, kiti cha pweza!” wanatanua mikono na miguu vizuri kama yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, ila masikio yakigusa maji tu, shingo inakakamaa na kiuno kinazama. Nimejaribu kuwashika kisogo huku wakihesabu mawingu. Nikilegeza mkono, wanainuka.

Mchezo gani unamzoesha mtoto maji masikioni? Na je, nimpe dumu tupu alikumbatie, au atalizoea akashindwa kuliacha?