Bustani ya bia ya kwenda na watoto hapa Malindi, itawezekana kweli?

mkazi_wa_barani
Wanajamvi hamjambo. Niko Barani hapa Malindi, marehemu baba aliniachia ploti yenye miembe mitatu na mwarobaini mmoja mkubwa, kivuli mpaka raha, saa nane ya jua kali ukikaa pale wasinzia. Sasa nina wazo la kufungua mahali pa kunywa pa wazi, sio zile baa za pazia mlangoni na taa nyekundu, nataka mtu aje jumapili na mkewe na watoto, yeye apate bia yake baridi, mama nae akitaka apate ama anywe ukwaju, watoto wale viazi karai na mishkaki wakimaliza waende kwa bembea. Mke wangu asema hiyo ni baa tu nimeivisha leso. Mwaonaje?

sitaki_kesi
Kiongozi kabla ya bembea anza na leseni. Ile sheria ya vileo ya Kenya ya 2010, tunayoita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, yasema mwenye leseni asimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia pale pombe inapotengenezwa, inapowekwa ama inaponywewa. Sasa wewe wataka kumtundikia bembea katikati, hehe. Alafu pima umbali na shule, hata ya chekechea ni shule, sheria yataka mita 300. Na baa ya kawaida ni saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku, wikendi na sikukuu ndo waanza saa nane. Siku hizi leseni ni za kaunti, kwa hivo chora ramani yako sehemu mbili, mkahawa mbali na pombe mbali, uwapelekee waione KABLA hujachimba msingi, sio baadae uanze kubembeleza watu.

nilirudi_pwani
Mimi nimekaa Munich, Ujerumani, miaka kadhaa nikifanya kazi za hoteli, hiyo kitu kule ni kawaida kabisa, watoto wacheza kwa mchanga na nyanya zao wako meza ya pili na glasi ya lita nzima. Asili yake watengeneza bia walikuwa na maghala chini ya ardhi ya kuweka bia isiharibike joto likija, juu wakapanda miti ya majani mapana ipoze, watu wakaanza kunywea papo hapo kivulini. Wenye mikahawa wakalia wanaibiwa wateja, mwaka 1812 mfalme akaamua hivi, wenye bia uzeni bia lakini chakula msiuze isipokuwa mkate. Ndo mpaka leo mtu aja na kikapu chake cha chakula kutoka nyumbani, meza isiyo na kitambaa wakaa bure, wewe nunua bia tu. Na usidhani majirani wa kule hawalalamiki! Walivutana mpaka 1999 ikatoka kanuni, muziki mwisho saa nne usiku, saa tano watu wawe wameondoka. Lakini Munich ni Munich, hapa sheria ni hiyo alosema mwenzangu.

mama_mapacha
Mimi ni mteja wako, nakunywa na sioni haya. Tulienda mahali fulani na wanangu wana miaka mitano, mwanzo palikuwa pazuri, wakaokota vifuniko vya chupa mchangani wakavipanga kama magari. Kugeuka hivi namwona mmoja amechovya kidole kwa glasi ya mjombake analamba povu, na mjomba acheka eti mwanamume huyo. Nikabeba watoto nikaenda zangu. Ukifungua, weka mtu wa kuangalia watoto, na giza likiingia watoto nyumbani, usione haya kumwambia mzazi.

jirani_wa_msikiti
Assalam alaykum. Mimi sinywi na sitakudanganya nitafurahi, ila ploti ni yako. Nakuomba mawili tu. Vyoo viwe ndani na viwe vya kutosha, kwa sababu sisi wa kando ya baa ukuta wetu ndo hugeuzwa choo, kila asubuhi natoka na ndoo ya maji na Dettol kabla sijanywa chai. Na adhana ikianza zima spika. Ukifanya hayo hutaniona kwa chifu.

mwana_wa_mgema
Haya mambo si mageni jamani 😂 babangu alikuwa mgema huku Sabaki, tembo bichi la asubuhi sisi watoto twaonjeshwa, tamu kama sharubati, la jioni limeshachacha, ukisogea karibu na mangwe, pale wakubwa wanaponywea tembo, wafukuzwa na kiatu. Hakuna aliyetuandikia sheria, kiatu kilitosha.

mkazi_wa_barani
Ahsanteni sana, jirani hasa wewe. Nimepima kwa miguu, shule iko mbali vya kutosha lakini nitatafuta mtu wa kupima sawasawa. Mkahawa na bembea mbele chini ya miembe, bia nyuma kwa mwarobaini, katikati ukuta na mlango wake na askari. Jina la bustani ya bia naona nilitupe. Mama watoto amesoma zote, sasa asema mbele atapika yeye, huko nyuma nitajijua. Kuna anaemjua fundi wa kuchomelea bembea ambaye hapotei na deposi?