Je, uhamiaji unaharibu mazingira ya nchi zinazopokea watu?

Mtulivu:
Wadau, naomba tujadili bila matusi. Mtu anatoka nchi ambayo kila mkazi anazalisha chini ya tani 1 ya kaboni dioksidi kwa mwaka, anahamia Marekani ambako ni takribani tani 14. Baada ya muda ataendesha gari, atapasha nyumba joto na kununua vitu kama wenyeji wake. Hewa hiyo inatuhusu sote duniani. Halafu kuna ardhi na maji: makazi mapya yanakula mashamba na misitu ya palepale. Mimi naona uhamiaji unaongeza mzigo, ila wanamazingira wanaogopa kusema.

Nahodha:
Wanaogopa? Mkuu, wamegombana hadharani. Sierra Club, chama kikongwe cha mazingira Marekani, kilipigia kura suala hili mwaka 1998, na wanachama wengi wakataka chama kisiwe na upande kwenye uhamiaji. Mwaka 2004 wenye mawazo kama yako wakagombea bodi, wakashindwa vibaya. Na hizo tani 14 mhamiaji amezikuta. Si yeye aliyejenga miji ambayo huwezi kununua mkate bila gari.

Kipepeo:
Mbona Uswisi wananchi walikubali kupunguza wahamiaji kwa ajili ya mazingira? Ilikuwa 2014 kama sikosei.

Mama Zuhura:
Kipepeo, umechanganya kura mbili za mwaka mmoja. Ya Februari ilihusu wingi wa wahamiaji kwa jumla, ikapita kwa asilimia 50.3. Ya mazingira, Ecopop, ilikuja Novemba. Ilitaka ongezeko la watu kutokana na uhamiaji lisizidi asilimia 0.2 kwa mwaka, na karibu robo tatu ya wapiga kura wakaikataa. Lililoniuma mimi ni kipengele cha pili: asilimia 10 ya misaada ya maendeleo itengwe kwa uzazi wa mpango katika nchi maskini. Msongamano uko kwao, dawa waitafute tumboni mwangu?

Dula:
Dada, hapo umeteleza. Uzazi wa mpango umeokoa akina mama wengi sana. Tusikatae kitu chema kwa sababu ya aliyekipendekeza.

Mama Zuhura:
Nani amekataa? Soma tena nilichoandika. Mwanamke akitaka huduma hiyo kwa afya yake, apewe leo. Ninachokataa ni kuhesabiwa watoto wangu na mtu anayetafuta nafasi kwenye treni yake.

Nahodha:
Na zaidi ya nusu ya hewa chafu inayotokana na matumizi ya Waswisi huzalishwa nje ya nchi yao, kwenye viwanda vinavyowatengenezea bidhaa. Hiyo hata wakifunga mipaka yote itabaki palepale.

Dula:
Mimi nimezungumzia vifo vya akina mama, mnanigeuza wakala wa Waswisi. Hiyo si haki.

Mtulivu:
Nimeuliza ardhi na maji, hakuna aliyegusa. Cox's Bazar, Bangladesh, mwaka 2017 waliingia Warohingya, wakimbizi kutoka Myanmar, zaidi ya 700,000 ndani ya miezi michache. Msitu ulikatwa kwa kambi na kuni, njia za tembo zikazibwa. Huo nao ni ubaguzi kuusema?

Kipepeo:
Mkimbizi aliyekimbia kuuawa humweki kapu moja na mhandisi aliyefuata mshahara. Tulianza na Marekani, sasa tuko kambini.

Nahodha:
Tena malizia habari ya Cox's Bazar. Kuanzia 2018 familia ziligawiwa mitungi ya gesi ya kupikia, ukataji wa kuni ukapungua sana, miti ikapandwa upya. Watu ni walewale. Kilichobadilika ni jiko.

Mtulivu:
Gesi ina gharama, na fedha za wafadhili hukatwa wakati wowote. Bangladesh ibebe peke yake?

Dula:
Asilimia 10 ile ya misaada ingenunua mitungi mingi.

Mama Zuhura:
Sasa unazungumza, kaka. Ila bado unadaiwa jibu: wanaonunua magari matatu kwa nyumba moja, kura ya kuwapunguza wao itapigwa lini?