Naombeni ushauri, dogo wa form two ananipelekesha na maswali

Wakuu habari za jioni, niko Moshi huku Majengo, naishi na mtoto wa dada yupo form two, juzi kaniuliza anko hii pikipiki umeshabadilisha injini, tairi, tanki mpaka siti, sasa bado ni ile ile uliyonunua? Nikacheka ila usiku usingizi uligoma, kumbe Wagiriki walishabishana hivyo hivyo kuhusu meli ya Theseus, shujaa wa hadithi zao, iliyobadilishwa mbao zote. Sasa nataka jumamosi nimkusanye yeye na wenzake tupige stori za namna hii, ila naogopa wazazi watasema nawaharibia watoto, si mnajua Socrates, yule mwanafalsafa wa Ugiriki, alinyweshwa sumu mwaka 399 KK kwa kesi ya hivyo hivyo 😂 Nianze na swali gani, na wakinibana nikakosa jibu nifanyeje?