Naomba ushauri: nyoka mla konokono wa bara, nimlete Pemba?

Mkulima_Wete:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nalima mchicha na bamia hapa Wete, na tangu mvua zianze konokono wananimaliza. Miche naipandikiza Jumatatu, Jumatano asubuhi nakuta vishina vitupu. Juzi nilikwenda kumtazama dada yangu aliyeolewa Arusha, chini ya Mlima Meru. Nyuma ya nyumba nikamwona nyoka mdogo wa kahawia anamburura koa kwenye nyasi, akammeza. Shemeji akasema hana sumu, mwache ale. Mimi niogopaye nyoka tangu utoto nilisimama pale mpaka akamaliza. Nikipata wawili watatu niwalete shambani, watasaidia? Nina dhiki kweli.

Mwalimu_Chake:
Wa alaykum salaam dada. Kwa maelezo yako huyo, kwa jina la kisayansi, ni Duberria lutrix. Hula konokono na koa, basi. Huufuata ule utelezi wanaouacha mpaka awafikie, na mwenye gamba humng'ata nyama akamvuta hadi atoke. Ukimshtua hujiviringa kama msokoto wa tumbaku, kichwa kakificha katikati. Hatagi mayai, huzaa watoto hai.
Lakini huku Afrika Mashariki kwao ni nyanda za juu, kwenye nyasi zenye unyevu, chini ya mawe na magogo. Joto la Wete si lake. Na pima mwenyewe: yeye ana kama sentimita 35, na hawa konokono wetu wakubwa gamba lao huweza kufika sentimita 20. Atammeza vipi?

Mwana_Ngezi:
Dada, nakusihi usilete. Kunguru wa Bara Hindi waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, leo wanakula mayai na makinda ya ndege wetu. Kule Moorea, kisiwa cha Pasifiki, mwaka 1977 waliletewa konokono mla konokono ili awapunguze hawa hawa wakubwa waliotoka pwani yetu. Akawageukia konokono wadogo wa kisiwa, akawafuta karibu wote porini. Pemba ina viumbe wake, popo wa Pemba mmojawapo, hawana kwao kwingine. Tena mnyama wa porini habebwi bila kibali.

Bibi_Bustani:
Mwanangu, shika tochi. Konokono hutoka usiku na alfajiri. Vaa mfuko wa plastiki mikononi, waokote, na ukimaliza nawa kwa sabuni kwa sababu wanabeba minyoo inayodhuru watu. Laza mbao au makuti yenye unyevu kati ya matuta, asubuhi yainue, utawakuta wamejibanza chini. Chimbua na mayai, meupe kama punje, mmoja hutaga mamia. Jivu kavu lizungushe, ila mvua ikinyesha urudie. Chumvi usimwage, itakuharibia udongo. Mimi nilifuga bata, konokono wadogo wote waliisha.

Mkulima_Wete:
Ahsanteni sana, nyoka nimemwacha kwao. Bibi, bata hawatanilia mchicha?

Bibi_Bustani:
Watakula, tena wote. Wafungulie baada ya kuvuna, kabla hujapandikiza tena. Wiki moja hivi, kisha warudishe bandani.