Mteja amekuta barua pepe za mwenzake kwenye kompyuta ya steshenari yangu: je, kufuta vidakuzi kunatosha?

Mwenye Steshenari

Wakuu, habari za leo. Ninaendesha steshenari ndogo mjini Morogoro yenye kompyuta mbili, ambazo wateja huzitumia kujaza maombi ya mikopo ya masomo na ya ajira, pamoja na kuchapa nyaraka walizotumiwa kwa barua pepe au WhatsApp. Wiki iliyopita mteja mmoja alifungua kivinjari cha Chrome akakuta barua pepe za kijana aliyekalia kiti hicho asubuhi zikiwa wazi. Alikuwa muungwana, akaniita badala ya kuzisoma, lakini kijana mwenyewe alipopata habari alinijia juu, nami sikuwa na la kujitetea.

Mpwa wangu alinieleza kuwa tatizo ni vidakuzi, ambavyo wengine huviita kuki, kwamba ni aina ya virusi na nivifute kila jioni. Nimefanya hivyo kwa siku nne, na matokeo yake ni kwamba kila asubuhi ninaingia upya katika akaunti zangu zote za biashara, huku wateja wa mchana wakiendelea kuachiana akaunti kama zamani. Isitoshe, kila tovuti sasa inaniuliza tena kama ninakubali vidakuzi, nami hukubali tu ili kazi iende. Naomba kuelimishwa: vitu hivi ni nini hasa, na mtu mwenye kompyuta inayopitiwa na watu wengi kwa siku afanyeje?

Fundi wa Seva

Ndugu, mpwa wako amekosea kuhusu virusi, ingawa amekuonyesha mahali sahihi pa kutazama. Kidakuzi ni maandishi mafupi, ambayo kwa kawaida hayazidi kilobaiti 4, ambayo tovuti hukipa kivinjari kiyatunze na kuyarudisha kila kinapoomba ukurasa mwingine wa tovuti hiyo. Hakijiendeshi, wala hakiambukizi faili. Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari cha zamani, alikibuni mwaka 1994 kwa sababu wavuti kwa asili yake haina kumbukumbu: seva, yaani kompyuta inayotoa kurasa za tovuti, ikishakupa ukurasa mmoja hukusahau, na ukibonyeza kiungo kinachofuata hukuona mgeni kabisa, kiasi kwamba duka la mtandaoni lisingejua hata ulichoweka kikapuni.

Fikiria kile kipande cha karatasi chenye namba unachopewa mzigo wako unapoingizwa kwenye buti la basi. Mkifika, kinachotazamwa ni namba, na aliyeiokota akawahi kushuka anaweza kuondoka na begi lako. Barua pepe nayo iko hivyo. Nywila huulizwa mlangoni mara moja, kisha kivinjari hupewa namba, na tangu hapo anayekikalia kivinjari ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye akaunti. Kufunga ukurasa hakurudishi namba hiyo. Kubonyeza "Ondoka" ndiko kunakoibatilisha, na katika tovuti iliyotengenezwa vizuri hubatilishwa hata upande wa seva.

Mwambie yule kijana aingie katika mipangilio ya barua pepe yake kwa simu, atafute orodha ya vifaa vilivyounganishwa na akaunti, aiondoe kompyuta yako, kisha abadilishe nywila.

Binti Mzizima

Kaka, kwa nini ujichoshe kufuta kila jioni? Wafungulie wateja dirisha fiche, lile la kivinjari lisilohifadhi historia, na mambo yataisha.

Mlinzi wa Lango

Dada, ushauri wako una nusu ya ukweli. Madirisha fiche yote yaliyo wazi kwa wakati mmoja hutumia vidakuzi vilevile, na havifutiki mpaka dirisha la mwisho lifungwe. Mteja wa saa nne akiacha dirisha moja limejificha chini ya mengine, mteja wa saa tano anairithi akaunti yake. Nimeliona jambo hili mara nyingi katika maabara ya kompyuta ninayoisimamia, tena kwa watu waliosoma.

Kwa steshenari ningechagua hali ya mgeni, ambayo iko kwenye alama ya wasifu upande wa juu wa Chrome. Humo mteja haoni historia yako wala nywila ulizohifadhi, na madirisha yote ya mgeni yakifungwa, vidakuzi vya kipindi hicho huondoka. Hata hivyo, sharti ni lilelile: kila mteja anapoinuka, wewe au msaidizi wako mfunge madirisha yote kabla mwingine hajaketi. Kwa akaunti zako za biashara, usitegemee wasifu wa pili wa Chrome, kwa kuwa haufungwi kwa nywila na yeyote anaweza kuubonyeza. Tengeneza akaunti mbili za Windows, ya wateja na ya kwako, na ya kwako iwe na nywila.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyelitaja, na kwangu ndilo zito zaidi: faili lililopakuliwa linabaki kwenye kompyuta hata katika hali ya mgeni. Vyeti, wasifu wa kazi na nakala za vitambulisho vya wateja wako pengine vimejaa kwenye folda ya vipakuliwa tangu ulipofungua ofisi.

Karani wa Sheria

Kuhusu yale maswali ya kukubali au kukataa: mengi yanatokana na sheria za Umoja wa Ulaya, na tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kuwa kisanduku kilichowekewa alama ya kukubali kabla mtumiaji hajakigusa si ridhaa. Unaweza kukataa bila wasiwasi, kwa sababu vidakuzi vinavyohitajika ili tovuti ifanye kazi hubaki. Unavyokataa hasa ni vile vya makampuni ya matangazo, ambavyo hukufuata kutoka tovuti moja hadi nyingine. (Aliyechagua neno "vidakuzi" sijui kama aliufikiria udaku, lakini kwa hivi vya matangazo jina limewakaa.)

Kivinjari cha Safari kilianza kuvizuia vyote vya aina hiyo mwaka 2020, na mwaka 2022 kivinjari cha Firefox kikaanza kukifungia kila kidakuzi ndani ya tovuti kilikowekwa. Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba itaviondoa katika Chrome, ikaahirisha zaidi ya mara moja, na Julai 2024 ikaghairi. Kwa hiyo katika Chrome ni juu yako kuingia kwenye mipangilio ya faragha na usalama na kuvizuia mwenyewe. Lakini usichanganye mambo: hilo lisingemsaidia yule kijana, kwa maana kidakuzi kilichomponza kilikuwa cha barua pepe yake mwenyewe.

Mwenye Steshenari

Nawashukuru sana. Nimetenganisha akaunti za Windows, na kompyuta za wateja sasa zinafunguka katika hali ya mgeni. Folda ya vipakuliwa ilikuwa na mafaili zaidi ya elfu moja, na niliona aibu kuyatazama majina yake. Swali la mwisho: wanaochapa nyaraka kutoka WhatsApp kwa kuskani msimbo kwa simu, nao pia huondoka dirisha la mgeni likifungwa?

Mlinzi wa Lango

Kwenye kompyuta yako, ndiyo, ujumbe wao hautaonekana tena. Hata hivyo, waelekeze wafungue sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kwenye simu zao na kuiondoa kompyuta yako kabla hawajalipia kurasa zao.